Mzigo uliobaki dukani huenda wapi, na je, niingize akiba yangu?

*"Nafanya kazi kwenye duka la nguo lenye matawi mengi. Mwisho wa msimu tulipakia makoti yaliyobaki kwenye makatoni, gari likaja likayachukua, na hatukuambiwa yanakwenda wapi. Wiki kama sita baadaye nikaliona koti lile lile kwa muuzaji wa mtandaoni. Kwenye picha ya lebo, namba za msimbopau ni zile zile nilizokuwa nikizipitisha kaunta kila siku, na bei haifiki nusu ya bei yetu. Mwenzangu mmoja anasema yaliibwa njiani. Mwingine anasema ni feki. Wakati huohuo kuna mtu ananishawishi tununue paleti nzima (lile jukwaa la mbao linalopangwa makatoni juu yake) ya mzigo wa maduka makubwa tuuze mtandaoni. Anasema thamani yake rejareja ni mara tano ya tutakacholipa. Nina akiba niliyoiweka kwa muda mrefu. Naomba kujua: mzigo ule hupitia wapi mpaka ukawafikia wauzaji hawa, ni halali, na nikiingiza akiba yangu humo nitapona?"*

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, nami nayajibu kwa pamoja kwa sababu yana mzizi mmoja. Unataka kujua kama koti lile ni la wizi au feki, na unataka kujua kama akiba yako itarudi. Majibu yote mawili yako kwenye kitu ambacho mnunuzi wa mwisho huwa haonyeshwi: njia ambayo mzigo umepita kabla ya kumfikia. Nimefanya kazi ya kugawa mzigo kati ya matawi, na kuuondoa ukishindikana kuuzika, kwa miaka mingi. Ukiijua njia, bei inajieleza yenyewe. Usipoijua, hata bei iwe nzuri namna gani, hujui unanunua nini.

Nianze na msimbopau, maana ndio uliowagawanya wenzako. Namba zile hutambulisha aina ya bidhaa: koti la mtindo huu, rangi hii, saizi hii. Kiwanda kikishona makoti 4,000 ya rangi na saizi moja, yote 4,000 hubeba namba moja. Kwa hiyo namba uliyoiona haisemi kwamba koti lile ni miongoni mwa yale uliyoyakunja wewe. Linaweza kuwa limetoka tawi jingine, au ghala kuu, au halijawahi kuingia dukani kabisa. Na anayetengeneza feki hunakili namba kwa wepesi uleule anaonakili nembo. Namba hizo hazimtetei muuzaji yule wala hazimtii hatiani.

Wizi upo na feki zipo, sitakuficha. Lakini kwa yote uliyonieleza, yaani mwisho wa msimu, makatoni, gari lililokuja kwa utaratibu, kisha wiki sita, maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba mwenye mzigo aliuuza mwenyewe kwa hiari yake. Wengi hawaamini kwamba duka lenye jina linaweza kuuza kwa bei ya kutupa huku kwenye rafu zake likishikilia bei kamili. Linaweza, na hufanya hivyo kila msimu.

Watu hudhani mzigo ukibaki basi aliyeagiza alikosea. Mara nyingi hakukosea. Chukua mfano wa hesabu ndogo. Koti linanunuliwa kwa 40 na kuuzwa kwa 100. Likibaki, litaondolewa kwa 20. Mteja akija akalikosa, duka linapoteza faida ya 60. Koti likibaki, duka linapoteza 20. Kukosa koti kunauma mara tatu kuliko kubaki nalo. Gawanya 60 kwa jumla ya 60 na 20, unapata 0.75, maana yake mnunuzi mwenye akili ataagiza kiasi kitakachotosheleza wateja katika misimu mitatu kati ya minne. Igeuze sasa hesabu hiyo: katika misimu hiyo mitatu, mzigo utabaki. Wanahisabati huliita tatizo la muuza magazeti, kwa sababu gazeti la leo kesho ni karatasi ya kufungia. Kinachobaki kilihesabiwa tangu siku ya kuagiza, na nafasi yake ya kuondoka ilitengwa.

Ongeza kwamba nguo huagizwa miezi mingi kabla ya msimu, wakati hakuna ajuaye hali ya hewa wala rangi gani watu wataipenda. Mzigo unagawiwa matawi kwa makadirio, na makadirio hayakosei sawasawa: tawi moja linamaliza saizi za katikati wiki ya pili, jingine limejaa hadi stoo. Hapo ndipo safari ya kwanza inapoanza, nayo ni ya ndani kabisa, kutoka tawi hadi tawi.

Umewahi kuona bila shaka: asubuhi mnaletewa orodha, toeni vipande vitatu hivi, vinne vile, pakieni, vinakwenda tawi fulani. Inaonekana kazi rahisi, lakini kila kipande kinachohamishwa kinatafutwa, kinapakiwa, kinasafirishwa, kinapokelewa, kinahesabiwa upya na kutundikwa upya. Na siku zote nne au tano kinapokuwa ndani ya katoni, hakuna anayeweza kukinunua. Koti la msimu likibakiwa na wiki tatu tu za kuuzika, siku tano ni nyingi. Ndiyo maana kampuni nyingi hazihamishi kwa kufuata huruma ya tawi lililopungukiwa. Huhamisha pale tu ambapo nafasi ya kuuza kwa bei kamili kule inalipa gharama ya safari na muda uliopotea.

Kitu kinachoua bidhaa haraka kuliko vyote ni saizi kukatika. Watafiti Felipe Caro na Jérémie Gallien, walipofanya kazi na Zara, kampuni ya maduka ya nguo, juu ya ugawaji wa mzigo, walieleza kanuni ya maduka yale: saizi kuu za mtindo zikiisha, saizi zilizosalia huondolewa mbele na kupelekwa nyuma, hata kama bado zinaweza kuuzika. Mteja anayependa koti kisha akakosa saizi yake hutoka na kinyongo, na koti lile moja dogo na moja kubwa mno yanakaa mahali ambapo mtindo uliokamilika ungeuzika. Hayo mabaki ya pembeni hukusanywa kutoka matawi mengi na kurundikwa kwenye matawi machache, ili dogo la huku likutane na la kati la kule, saizi zirudi kuwa na mpangilio. Siku mlipopakia makoti yenu, kumbuka: saizi zilikuwa zipi? Kama yalikuwa mengi ya pembeni na machache ya katikati, umeuona uozo huo kwa macho yako.

Kisha ikaja intaneti, ikabadilisha jambo moja kubwa. Mteja akiagiza mtandaoni, programu inaweza kuamua agizo litoke tawi lililolemewa badala ya ghala kuu. Duka linageuka ghala dogo, na koti lililolala kwenye rafu ya mji mmoja linauzwa kwa mtu wa mji mwingine bila kupitia tawi la pili. Ni njia nzuri, inaokoa mtaji mwingi. Udhaifu wake ni kwamba inategemea kompyuta kusema kweli. Nicole DeHoratius na Ananth Raman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walipitia kumbukumbu karibu 370,000 za stoo katika matawi 37 ya kampuni moja ya rejareja, wakakuta asilimia 65 hazilingani na kilichokuwepo. Mara nyingine kompyuta inasema kuna koti moja, kumbe lilijaribiwa wiki iliyopita likatundikwa kwenye suruali. Ndiyo maana kampuni huziacha nje ya mtandao zile bidhaa ambazo tawi linaonyesha limebaki na moja au mbili, na ndiyo maana mteja wakati mwingine huambiwa agizo lake limefutwa. Nimelitaja hili kwa sababu litatufaa baadaye: hata mwenye mzigo, mwenye kompyuta zake na wafanyakazi wake, hana uhakika kamili na alicho nacho. Fikiria atakayeununua mara ya nne.

Yakishindikana hayo, bei hushushwa. Kupunguza bei kwa ratiba si jambo la jana. Mwaka 1909 duka la Filene's la Boston, Marekani, lilifungua sehemu ya chini ya ardhi ambako bidhaa isiyouzika baada ya siku 12 za kuuza ilipunguzwa robo ya bei, baada ya siku sita nyingine nusu, sita nyingine robo tatu, na sita nyingine ikatolewa sadaka. Kila mtu aliiona tarehe kwenye lebo, mteja akawa anapima moyo: ninunue leo au nisubiri nikikose? Leo programu ndiyo inayopanga punguzo, lakini mantiki ni ileile.

Hapa tupo bado ndani ya duka. Kinachofuata ndicho usichokiona kutoka kaunta.

Kama duka lilichukua bidhaa kwa mali kauli, au lilikubaliana na msambazaji tangu mwanzo, kinachobaki hurudishwa kwake. Biashara ya vitabu imeishi hivi kwa miongo mingi: duka hurudisha visivyouzika, na mchapishaji huviuza tena kwa bei ya chini sana kwa wanaonunua mabaki. Ukishika kitabu kipya cha bei rahisi, tazama ukingo wa kurasa chini au juu. Ukiona mstari mmoja wa kalamu ya wino au nukta nyeusi, hiyo ni alama iliyowekwa makusudi, kisiweze kurudishwa tena dukani kudai pesa kamili. Napenda alama hiyo. Ni historia ya kitabu, imeandikwa pale pale kwenye kitabu. Laiti kila bidhaa ingekuwa nayo.

Kama hakuna mkataba wa kurudisha, mwenye mzigo hutafuta wanunuzi wa jumla wa mabaki. Wa kwanza na wa heshima zaidi ni maduka ya bei punguzo. TJX ya Marekani, yenye maduka ya T.J. Maxx na Marshalls, imekua kubwa kwa kununua mizigo iliyozidi, maagizo yaliyofutwa na mabaki ya misimu. Maduka yanayojiita ya kiwandani ni jambo jingine, na hapa nirekebishe dhana moja: sehemu kubwa ya nguo zinazouzwa humo zimeshonwa mahsusi kwa ajili yake, kwa kitambaa na mishono ya gharama ndogo. Hazikuwahi kutundikwa kwenye duka kuu, na ile "bei ya awali" iliyokatwa mstari huenda haikuwahi kulipwa na mtu.

Baada ya hao huja madalali na minada. Mizigo hupangwa kwenye paleti, au lori zima, na kupigwa mnada mtandaoni. B-Stock na Liquidity Services ni miongoni mwa kampuni zinazojulikana kwa kazi hiyo. Amazon nayo huwapa wauzaji wanaohifadhi bidhaa kwenye maghala yake njia ya kuuza mabaki yao kwa jumla, na imekuwa ikiwaambia watarajie takriban asilimia 5 hadi 10 ya bei ya wastani waliyokuwa wakiuzia. Rudia kuisoma namba hiyo, kisha mrudie rafiki yako anayekuambia mtanunua kwa moja ya tano. Moja ya tano ni asilimia 20. Tayari kuna mtu, au watu, waliokaa katikati na kuchukua chao. Sisemi wanaiba. Nasema mzigo umeshapita mikono, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kuchagua kilicho bora na kuacha kingine kiendelee.

Sheria nazo zimeongeza mzigo kwenye mkondo huu. Mwaka 2018 Burberry, kampuni ya Uingereza ya nguo za kifahari, ilieleza kwenye taarifa zake za fedha kwamba iliharibu bidhaa zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 28 ndani ya mwaka mmoja, watu wakakasirika, na kampuni ikatangaza kuacha. Ufaransa ilipiga marufuku kuharibu bidhaa nyingi mpya zisizouzika kuanzia 2022, na Umoja wa Ulaya umeweka katazo la kuharibu nguo na viatu visivyouzika kwa kampuni kubwa kuanzia tarehe 19 Julai 2026. Kilichokuwa kikichomwa lazima kitafute mlango mwingine.

Sasa uhalali. Katika nchi nyingi, mwenye chapa akishauza kitu kihalali, hawezi tena kumzuia aliyekinunua asikiuze. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo kuhusu vitabu tangu 1908, pale mchapishaji alipojaribu kulilazimisha duka la Macy's liuze kitabu kwa dola moja kamili wakati lenyewe lilikiuza senti 89. Mchapishaji alishindwa. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ilisema kanuni inagusa pia vitabu halali vilivyonunuliwa nje ya nchi. Ulaya ni tofauti kidogo kwa alama za biashara: tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya katika kesi ya Silhouette ya mwaka 1998, bidhaa iliyouzwa kwanza nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya haiwezi kuingizwa humo kuuzwa bila ridhaa ya mwenye chapa. Kwa hiyo muuzaji wako wa mtandaoni anaweza kabisa kuwa ndani ya sheria. Kuwa ndani ya sheria, hata hivyo, hakumaanishi koti lina dhamana ya kiwanda, wala kwamba anaruhusiwa kuliita "jipya" kama limeshavaliwa likarudishwa.

Na hapo ndipo penye jibu la akiba yako, kwa hiyo nitapakawilia kidogo.

Maneno "mzigo wa maduka makubwa" yanafunika aina nne zisizofanana hata kidogo. Kuna mzigo uliozidi, ambao haujawahi kufunguliwa, katoni zina gundi ya kiwandani. Kuna mzigo uliotolewa rafuni: mzima, lakini umeshikwashikwa, una vibandiko vya punguzo juu ya vibandiko vya punguzo, saizi zimekatika. Kuna mzigo uliorudishwa na wateja, ambao ndani yake chochote kinaweza kuwemo. Na kuna mabovu, yanayouzwa kwa vipuri. Aina hizi nne zikivishwa plastiki na kuwekwa kwenye paleti, kwa mbali zinafanana kama mapacha. Bei yake haistahili kufanana.

Niliwahi kusimama na mtu akifungua paleti yake ya kwanza. Orodha ilisema vyombo vya umeme vya jikoni, vipande 60, na thamani ya rejareja imejumlishwa chini kwa herufi nzito. Safu ya juu ilikuwa safi, maboksi yamenyooka. Tulipofika safu ya tatu mkono ulianza kusema kabla ya macho: boksi la blenda lilikuwa jepesi. Ndani kulikuwa na kitako na waya uliokunjwa kwa mpira wa nywele, jagi hakuna. Hesabu ilipoisha, blenda 11 hazikuwa na jagi. Kila moja ilikuwa imehesabiwa kwenye ile orodha kwa bei yake kamili ya dukani. Hakuna aliyedanganya kwa maandishi. Mkataba ulisema mzigo unauzwa kama ulivyo. Mpira wa nywele ndio ulionibaki akilini. Kiwanda hakifungi waya kwa mpira wa nywele. Ulikuwa mkono wa mteja, kisha mteja akarudisha, kisha mtu wa ghala akachoka kukagua.

Kwa hiyo thamani ya rejareja anayokutajia rafiki yako isahau kabisa. Ni jumla ya bei za siku ya kwanza, kwa vitu ambavyo vimeshakataliwa kwa bei hiyo. Fanya hesabu hii badala yake. Tuseme mnalipa 600 kwa vipande 120. Usafiri 150. Kusafisha, kupiga picha, mifuko na maboksi ya kuwapelekea wateja bidhaa, 60. Jumla 810. Ukigawanya kwa 120 unapata chini ya 7 kwa kipande, unafurahi. Lakini vipande vinavyofaa kuuzwa viko 78, na vingine havifai, hivyo kila kinachouzika kimekugharimu zaidi ya 10. Toa ada ya soko la mtandaoni. Toa vile ambavyo wateja wako nao watarudisha, kwa sababu watarudisha. Kisha jiulize vipande 20 vya mwisho vitauzika lini, maana hivyo ndivyo vyenye faida yako ndani, na ndivyo vinavyolala. Weka muda wako pia kwenye hesabu, hata kwa kiwango kidogo. Kama bado kuna kitu kinabaki, basi kuna biashara.

Kuna na kizuizi kimoja ambacho wengi hukigundua baada ya kulipa. Masoko makubwa ya mtandaoni huweka chapa nyingi chini ya kibali: ili uziuze, unatakiwa utoe ankara kutoka kwa msambazaji anayetambuliwa. Karatasi ya mnada wa mabaki mara nyingi haikubaliwi, hata kama bidhaa ni halisi na mpya. Tena baadhi ya wauza mabaki huweka masharti kwenye mkataba: usiuze mtandaoni, usiuze eneo fulani, kata lebo kwanza. Ukiona nguo mpya ambayo lebo ya shingoni imekatwa nusu au imepigwa mstari wa wino, mara nyingi hilo ndilo sharti lililotekelezwa. Marekani, tangu Juni 2023, sheria inayalazimu masoko ya mtandaoni kuthibitisha utambulisho wa wauzaji wa mauzo makubwa, wale wenye miamala 200 ya bidhaa mpya na mapato ya dola 5,000 ndani ya mwaka, lengo likiwa kuzuia mali ya wizi na feki. Biashara ya kutokuwa na karatasi inazidi kubanwa, na ni haki ibanwe.

Unauliza kama utapona. Kwa paleti hiyo unayoshawishiwa, kwa maelezo uliyonipa, ushauri wangu ni usiingie. Hakuna orodha, hakuna aina ya mzigo iliyotajwa, hujaambiwa umetoka wapi, na kuna hoja moja tu, ile ya mara tano. Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limefungwa kwa akiba yako ya miaka. Lakini sikuambii biashara hii haifai. Nawajua watu wanaoishi nayo vizuri. Karibu wote walianza na aina moja ya bidhaa wanayoielewa, na wewe unaelewa nguo: unajua kushika mshono, unajua saizi gani hukimbia. Hiyo ni mali ambayo rafiki yako hana. Anza na mzigo mdogo uliozidi au uliotolewa rafuni, wenye orodha ya kipande kwa kipande pamoja na saizi, kiasi ambacho kikipotea chote hutakosa kodi ya nyumba. Kuna pia njia ya kuchukua kwa mali kauli kutoka kwa mtu mwenye duka dogo aliyelaliwa na mzigo: wewe unapiga picha na kuuza mtandaoni, mnagawana. Faida kwa kipande ni ndogo, lakini mtaji wako haulali, na unajifunza kwa mzigo ambao historia yake unaweza kumuuliza mwenyewe akiwa mbele yako.

Jambo moja la kazini, nalo nalisema kwa kukujali. Kama unataka kununua mabaki ya mwajiri wako, uliza kwa njia rasmi na upate jibu la maandishi. Usitumie orodha uliyoiona stoo wala kumpa mtu wa nje tarehe ya gari. Na kama una sababu ya kweli ya kushuku wizi, mfano makatoni yaliyohesabiwa kuondoka hayalingani na yaliyopokelewa, mpelekee meneja hesabu hizo tu, bila kumtaja mwenzako wala muuzaji wa mtandaoni. Bei ya chini peke yake si ushahidi.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Mkataba wenye masharti ya mahali pa kuuza, au barua kutoka kwa mwenye chapa inayokutaka uache kuuza, mpelekee mwanasheria kabla hujajibu hata neno moja. Kodi ya mauzo ya mtandaoni muulize mhasibu wa huko uliko, mapema, kabla mauzo hayajawa mengi. Bidhaa za umeme na za watoto usizinunue kwenye mabaki mpaka umekagua kama ziliwahi kuitwa zirudishwe kiwandani kwa hatari. Marekani, tangu sheria ya 2008, kuuza bidhaa iliyoitwa hivyo ni kosa, na hata pale ambapo sheria iko kimya, mtoto atakayeungua ni mtoto wa mtu.

Na mzigo wenyewe, nenda ukauone. Usikubali picha ya safu ya juu. Omba wakate plastiki, chagua mwenyewe katoni ya chini katikati, ifunguliwe mbele yako. Tazama gundi kama ni ya kiwandani au ni ya pili, soma saizi, hesabu vipande kumi ukavilinganishe na orodha. Kama rafiki yako au mwenye mzigo anakataa hilo, umeshapata jibu lako, na akiba yako bado iko mfukoni.